SOMO LA KOMPYUTA: Tuhesabu Namba za Bahati Nasibu



Katika madarasa ya kompyuta yanayofanyika kwenye kumbi za makanisa, kuna swali moja ambalo halikosi. Kijana akishajua kuwasha mashine na kushika kipanya, anauliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, hii kompyuta haiwezi kunipigia hesabu ya namba zitakazotoka kwenye bahati nasibu?" Wengine hucheka. Sisi hatucheki. Mtu aliye na karo ya watoto watatu, deni la dukani na kibarua kisicho na uhakika, si ajabu akiwaza kwamba namba sita tu zingemaliza shida zake. Zamani ilikuwa tikiti za Kenya Charity Sweepstake na pata potea ya sokoni. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007 pesa zimo ndani ya simu, na siku hizi mtu anaweza kucheza akiwa kitandani, hata aliyelala kando yake asijue.

Tena, swali lenyewe ni la hesabu, na swali la hesabu hujibiwa kwa hesabu. Ndiyo sababu somo hili lina shabaha mbili. Kwanza, mwanafunzi asiyejua chochote ajifunze kutumia lahajedwali, yaani ile programu ya kompyuta ya kupanga na kupiga mahesabu. Pili, aone kwa macho yake mwenyewe kile ambacho mahesabu hayo yanaweza kumwambia, na kile ambacho hayawezi.

VITU VINAVYOHITAJIKA

1. Kompyuta moja kwa kila watu 4 au 5, iliyo na Excel, au LibreOffice Calc ambayo hailipiwi.
2. Vifuniko 49 vya soda vinavyolingana, na kalamu ya wino usiofutika.
3. Mfuko wa kitambaa au gunia dogo.
4. Daftari na kalamu ya kawaida, stima ikipotea.

Hakuna kuweka pesa katika zoezi hili, hata shilingi moja. Hata soda asinunuliwe mshindi.

LAHAJEDWALI NI NINI?

Karani yeyote wa chama anaijua tayari, ila hajui kwamba anaijua. Ni karatasi iliyopigwa mistari ya kusimama na ya kulala. Mwaka wa 1979 Wamarekani wawili, Dan Bricklin na Bob Frankston, walitoa programu iliyoitwa VisiCalc, iliyoleta karatasi hiyo kwenye kompyuta ndogo. Faida yake ilikuwa moja, nayo ni kubwa. Kwenye karatasi, ukibadilisha tarakimu moja inabidi ufute jumla zote na kuanza upya. Kwenye kompyuta unabadilisha hiyo moja tu, na jumla zinajirekebisha zenyewe.

Ukifungua programu utaona safu wima zikiwa na herufi A, B, C juu, na safu mlalo zikiwa na namba 1, 2, 3 ubavuni. Mahali zinapokutana panaitwa kisanduku, na kila kisanduku kina anwani yake. Kisanduku B2 ni safu wima ya B, mstari wa 2. Ni kama kumwelekeza mgeni kwenye ploti: laini ya pili, mlango wa nne. Ukishajua anwani, huwezi kupotea.

HATUA YA KWANZA: KUPATA NAMBA

Andikeni namba 1 hadi 49 ndani ya vifuniko, kila kifuniko namba yake. Kwa nini 49? Kwa sababu mchezo wa kuchagua namba 6 kati ya 49 umechezwa katika nchi nyingi. Bahati nasibu ya taifa ya Uingereza ilianza hivyo tarehe 19 Novemba 1994, ikaendelea hivyo hadi 2015 ilipoongeza namba zikawa 59.

Tieni vifuniko mfukoni, mtikise vizuri. Mtu mmoja afumbe macho atoe vifuniko sita, kimoja kimoja, bila kurudisha. Hiyo ni droo moja. Msomaji asome namba kwa sauti, mwandishi aziandike. Kisha vyote sita virudi mfukoni, mtikise tena, mrudie. Fanyeni droo 100. Mkichoka, gawanyeni kazi kwa siku mbili. Msiruke wala msibuni namba za kumalizia. Mtu akibuni namba kichwani huwa anakwepa zile zilizotoka sasa hivi, lakini mfuko haukwepi.

HATUA YA PILI: KUINGIZA KWENYE KOMPYUTA

Katika mstari wa 1 andikeni vichwa: A1 "Droo", B1 hadi G1 "Namba 1" hadi "Namba 6". Droo ya kwanza ikae mstari wa 2, ya pili mstari wa 3, mpaka droo ya 100 iliyo mstari wa 101.

Mambo matatu humsumbua mwanafunzi mpya hapa:

Kwanza, kuchapa herufi O mahali pa sufuri, au herufi l mahali pa moja. Kwa macho ya binadamu ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni mbingu na ardhi. Dalili yake ni hii: namba halisi hukaa upande wa kulia wa kisanduku, maandishi hukaa kushoto. Ukiona tarakimu imeegemea kushoto, icheki.

Pili, kutia namba mbili ndani ya kisanduku kimoja. Kisanduku kimoja, namba moja.

Tatu, kusahau kuhifadhi. Kila baada ya droo kumi bonyezeni Ctrl na S pamoja. Stima haipigi hodi ikiondoka.

HATUA YA TATU: KUHESABU

Sasa tunataka kujua kila namba imetoka mara ngapi. Acheni safu wima ya H wazi. Katika I2 hadi I50 andikeni 1, 2, 3 mpaka 49. Hakuna haja ya kuchapa zote. Chapeni 1 na 2, mchague visanduku hivyo viwili, kisha mshike ile alama ndogo iliyo kwenye pembe ya chini kulia na kuivuta kwenda chini. Kompyuta itaelewa mpango na kuendelea yenyewe.

Nendeni J2 mchape fomula hii:

=COUNTIF($B$2:$G$101,I2)

Ile alama ya = inaiambia kompyuta, "Hii ni kazi, si maandishi." COUNTIF ni amri ya kuhesabu vinavyofanana na kitu fulani. B2 hadi G101 ni shamba lote lenye namba zetu. I2 ndiyo namba tunayoitafuta. Kwa maneno mengine: hesabu ni mara ngapi namba iliyo katika I2 inaonekana shambani.

Na zile alama za dola? Hazihusu pesa. Fomula ukiivuta kwenda chini, anwani zake nazo huteremka. Kwa I2 hilo ni jema, kwa sababu tunataka iwe I3, kisha I4. Lakini shamba likiteremka nalo, litaacha droo za juu nje, na hesabu itaharibika bila ya kompyuta kulalamika. Alama ya dola ni kama kigingi kinachofungia mbuzi asitembee. Chapeni, mbonyeze Enter, kisha mvute fomula mpaka J50.

Kabla ya kuamini chochote, jikagueni. Mahali palipo wazi, kwa mfano M2, chapeni =SUM(J2:J50). Jibu lazima liwe 600, kwa kuwa droo 100 zenye namba 6 kila moja ni namba 600. Likiwa 598, kuna mahali mmekosea mara mbili, rudini mtafute. Tabia hii ya kujikagua ina thamani kuliko fomula yenyewe. Mweka hazina anayeifuata hatalala akiwa na wasiwasi juu ya vitabu vyake.

Kisha chapeni =AVERAGE(J2:J50) mpate wastani, =MAX(J2:J50) mpate kubwa kuliko zote, na =MIN(J2:J50) mpate ndogo kuliko zote.

HATUA YA NNE: "NAMBA MOTO" NA "NAMBA BARIDI"

Wastani utakuwa 12.24. Lakini hamtaona kila namba ikiwa na 12. Ni kawaida kabisa moja iwe imetoka mara 19 au 20, na nyingine mara 5 au 6. Hapo ndipo kelele huanza. Mmoja atasema, "Si mnaona? Hii ni moto, mimi ningeicheza hii!" Mwingine atasema, "Hapana, ile iliyokaa ndani ndiyo deni yake imefika."

Wasikilizeni wote wawili, kisha mpime maneno yao. Tumieni droo 50 za kwanza kuchagua, na 50 za mwisho kujaribu.

Katika K2 chapeni =COUNTIF($B$2:$G$51,I2), na katika L2 chapeni =COUNTIF($B$52:$G$101,I2). Vuteni zote mbili mpaka mstari wa 50. Sasa safu ya K ni nusu ya kwanza na L ni nusu ya pili. Chagueni namba sita zilizoongoza katika K. Hizo ndizo "moto" zenu. Jumlisheni mara zilizotoka katika K. Mara nyingi jumla itakuwa kama 60 hivi. Kisha jumlisheni namba zizo hizo katika L.

Kama moto ungekuwa kweli, jumla ya pili ingekaribia 60 tena. Lakini hesabu inatarajia 37 hivi, na ndipo mtakapojikuta, mkizidi kidogo au mkipungua kidogo. Fanyeni vivyo hivyo na namba sita baridi: nazo zitasogea kwenye 37 ile ile. Chukueni namba 1 hadi 6 ambazo hakuna aliyezichagua: 37 hivi tena. Moto umepoa, baridi imeyeyuka.

Sababu yake haihitaji kompyuta. Kifuniko hakijui kimetoka mara ngapi. Mfuko hauna kumbukumbu. Tofauti tulizoziona zilikuwepo kweli, na lahajedwali ilizihesabu sawasawa, lakini zilikuwa historia ya jana tu. Mvua ya jana huwezi kuichota kesho.

MFANO WA ITALIA

Msidhani hili ni jambo la vijana wa hapa kwetu. Bahati nasibu ya Italia hutoa namba 5 kati ya 90 kwa kila mji ulio kwenye orodha yake. Tangu Mei 2003 namba 53 haikutoka katika droo za mji wa Venezia. Kadiri miezi ilivyopita, ndivyo watu walivyozidi kusema sasa lazima itoke. Walicheza akiba zao, wengine wakakopa. Inakadiriwa kwamba zaidi ya euro bilioni 3 ziliwekwa juu ya namba hiyo moja, na magazeti yaliripoti hata vifo vya watu waliojiua kwa ajili ya hasara na madeni. Namba 53 ilitoka tarehe 9 Februari 2005, karibu miaka miwili baadaye.

Wale watu hawakuwa wajinga. Daftari lao lilikuwa sahihi: kweli namba haikuwa imetoka. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kukawia kwake kunaileta karibu. Nafasi yake ilikuwa 5 kati ya 90, yaani 1 kati ya 18, katika droo ya kwanza na katika ile ya mwisho, bila kubadilika.

HATUA YA TANO: UKUBWA WA MLIMA

Fungueni karatasi mpya ndani ya faili ile ile, mchape:

=COMBIN(49,6)

Jibu ni 13,983,816. Hizo ndizo njia zote za kuchagua namba sita kati ya 49. Asiyeiamini kompyuta azidishe 49 × 48 × 47 × 46 × 45 × 44, kisha agawe kwa 720, kwa sababu namba sita zile zile zinaweza kupangwa kwa mpangilio 720. Badilisheni 49 iwe 59, kama walivyofanya Uingereza, mtapata 45,057,474. Namba kumi tu zimeongezwa, na mlima umerefuka zaidi ya mara tatu.

Milioni 14 ni neno tu, wacha tulipeleke ghalani. Tukikadiria kwamba kilo moja ya mahindi ina punje 3,000 hivi, gunia la kilo 90 lina punje 270,000. Basi punje milioni 14 ni magunia 50 na kitu. Mtu atie wino punje moja, magunia yote yachanganywe, kisha wewe ufungwe kitambaa machoni uokote punje moja. Hiyo ndiyo nafasi ya tikiti moja.

Tuseme mtu ananunua tikiti mbili kila wiki, yaani 104 kwa mwaka. Chapeni =13983816/104. Kwa wastani angehitaji miaka zaidi ya 134,000. Na hata akishinda, huenda asiwe peke yake: tarehe 14 Januari 1995 huko Uingereza, washindi 133 walichagua namba zile zile sita wakagawana jakpoti moja.

Wako wanaouliza, je, si hata Mitume walipiga kura wakampata Mathiya? Ni kweli, kitabu cha Matendo ya Mitume kinasimulia hivyo. Lakini kura ile ilikuwa ya kuamua nani apewe kazi. Hakuna aliyeuziwa tikiti, na hakuna aliyerudi nyumbani bila unga kwa sababu ya kura ile. Bahati nasibu ya biashara hupangwa tangu mwanzo ili pesa zinazolipwa washindi ziwe chini ya zinazokusanywa. Lazima iwe hivyo, la sivyo mwenyewe angefunga.

HATUA YA SITA: KARATASI ISIYODANGANYA

Sasa tunafika mahali ambapo lahajedwali inajua kitu cha kweli kuhusu mchezaji. Kila mmoja afungue karatasi yake mwenyewe, na mwalimu asichungulie. Katika A1 aandike "Tarehe", B1 "Nilizoweka", C1 "Nilizopata". Kisha achukue simu yake, asome jumbe za pesa za miezi mitatu iliyopita, na kuziingiza moja moja. Aliyecheza kwa pesa mkononi akumbuke kadiri awezavyo.

Katika E2 achape =SUM(B2:B100). Katika E3 =SUM(C2:C100). Katika E4 =E3-E2. Alama ya kutoa ikitokea mbele ya jibu, hiyo ni hasara.

Tunalifanya zoezi hili kwa sababu akili ya mwanadamu ni karani mbaya. Ukishinda shilingi mia tano, mtaa mzima unajua. Ukipoteza hamsini mara thelathini, hakuna anayejua, hata wewe mwenyewe, nazo ni 1,500. Lahajedwali haina aibu wala majivuno. Inaandika vyote.

Sasa kila mmoja apige hesabu nyingine. Shilingi 100 kwa wiki ni 5,200 kwa mwaka. Watu 12 wakiweka hivyo katika chama, ni 62,400. Hizo ni pesa zinazoweza kununua mbegu na mbolea za msimu, au cherehani, au kulipa karo kabla mtoto hajarudishwa nyumbani. Haba na haba hujaza kibaba. Na fomula za kutunza hesabu hiyo mnazo tayari: SUM kwa michango yote, COUNTIF kwa kujua mwanachama fulani amelipa mara ngapi, na ile tabia ya kujikagua kabla ya kusoma ripoti mbele ya mkutano. Aliyejua kuhesabu vifuniko anaweza kuwa mweka hazina.

NENO KWA WAZAZI NA VIONGOZI

Huenda katika hatua ya sita mtu akanyamaza ghafla au akafunga kompyuta. Msimwite mbele ya watu, wala msimfanye mfano wa mahubiri. Anayekopa ili acheze, anayeuza vitu vya nyumbani, au anayemficha mkewe au mumewe simu, ana mzigo ambao hesabu peke yake haitautua. Anahitaji mtu wa kumsikiliza: mchungaji, mzee wa kanisa, mshauri wa afya ya akili, au rafiki anayejua kutunza siri. Mara nyingi hatua ya kwanza ya kumsaidia ni kuketi naye mkiangalia ile karatasi pamoja, na kupanga deni lipi lianze kulipwa.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kabla ya kufanya jaribio la nusu mbili, ni wangapi kati yetu waliamini kuna namba moto? Ni nini kilichowafanya waamini?
2. Namba ikikosa kutoka mara 40 mfululizo, nafasi yake katika droo ya 41 ni ipi? Mweleze mwenzako kwa kutumia mfuko wa vifuniko.
3. Kwa nini jumla ya safu ya J ni lazima iwe 600? Katika vitabu vya chama chetu, ni jumla ipi tunayoweza kuikagua kwa njia kama hiyo?
4. Ni shida gani zinazowasukuma watu wa mtaa wetu kucheza? Kati ya hizo, ni ipi ambayo kikundi chetu kinaweza kuipunguza mwaka huu?

KAZI YA NYUMBANI

Kila kompyuta itengeneze lahajedwali la chama chenye wanachama 12 kwa wiki 10: majina, michango, jumla ya kila mtu na jumla ya wiki. Jumla ya kulala na jumla ya kusimama zikutane kwenye kisanduku kimoja na kupatana. Zisipopatana, msilale.